Kamera Iliyodhani Kicheko ni Usingizi

Nyinyi vijana mnaotafuta kazi za kompyuta, mkisikia kwamba mzee kama mimi, Idrisa wa Shinyanga mjini, mtoto wa muuza vitambaa, nimestaafu kutoka kampuni ya akili mnemba, mnacheka. Chekeni tu. Hata mke wangu alicheka. Kwa muda mrefu aliwaambia majirani kwamba mume wake yuko Geita analinda geti.

Sikuunda modeli hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuiandikia modeli maelezo yake: imejifunza kutokana na nini, wenye picha na sauti hizo waliombwa ruhusa au hawakuombwa, inafaa kwa kazi gani, inakosea wapi, na mahali gani isitumike kabisa hata mtu akikupigia magoti. Ofisini tuliita kadi ya modeli. Miongozo ya maadili inadai iwepo, na mnunuzi makini hasaini mkataba bila kuiona. Wengi wenu mtaiona kama adhabu: wenzako wanaunda vitu, wewe unaandika. Basi nikusimulieni, maana mimi katika kuandika huko nilicheka kuliko nilivyocheka harusini kwangu.

Ufundi wenyewe sikuupata kwenye kompyuta. Niliupata miaka mingi nyuma, mgodini upande wa Kahama, nilipokuwa naandika mabango na maelekezo ya mitambo. Mkuu wa usalama alikuwa Mzee Masanja, Msukuma wa Samuye, mrefu, mpole, asiyeweza kuivumilia sentensi yenye maana mbili. Siku moja nikampelekea bango nililolionea fahari sana: USIKARIBIE MTAMBO UNAPOZUNGUKA. Akalisoma, akanichukua hadi kwenye mtambo wa kusaga mawe, ambao siku hiyo ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Tukalitundika. Akamwita fundi aliyekuwa anapita.

"Soma hilo bango, halafu fanya linavyosema."

Fundi akasoma kwa midomo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mtambo, akauegemea.

"We! Bango limesemaje?" Masanja akamuuliza.

"Limesema nisiukaribie ninapozunguka. Sasa mimi nimezunguka wapi, mzee? Si nimenyoosha tu?"

Masanja alimshukuru kwa heshima zote. Tulipofika nyuma ya ofisi ndipo alipocheka, mkono mmoja ukutani. "Idrisa," akasema, "Kiswahili chako ni kizuri sana. Kitaua mtu." Tukaandika upya: MTAMBO UKIZUNGUKA, KAA MBALI. Na akaniambia neno ambalo nililibeba mpaka nilipostaafu: andika kwanza kile kitakachomuumiza mtu; sifa za mtambo mwachie muuzaji, yeye analipwa kwa hizo.

Mgodi ule ulipofungwa nilirudi nyumbani kufuga kuku. Kuku wakanishinda. Ndipo Neema, binti wa jirani yetu, aliyesomea mambo ya kompyuta, akanipigia simu kutoka Geita. "Baba Zuhura, tuna modeli nzuri lakini hatuna anayeweza kuieleza. Njoo utusaidie." Kampuni yenyewe ilikuwa vyumba vichache juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mkurugenzi alikuwa Lameck, kijana mwenye moyo mzuri na ulimi wa mnadani.

Modeli yao ilikuwa ya kamera. Inafungwa ndani ya yale malori makubwa ya mgodini, yenye magurudumu yanayomzidi mtu kimo, inamtazama dereva usoni. Ikiona amesinzia, inatoa sauti ya kumwamsha, na papo hapo inapeleka taarifa kwa msimamizi wa zamu. Kitu kizuri, nisiseme uongo. Mwenye kusinzia kwenye lori lile hajiui peke yake.

Neema akanipa rasimu yake ya maelezo. Ilianza hivi: "Modeli hii ni suluhisho la kisasa lenye uwezo wa hali ya juu." Nikamuuliza, "Inakosea wapi?"

"Bado tunaangalia."

"Basi bado hatujaanza kuandika."

Alinikasirikia siku nzima, kisha tukaanza. Nilimfundisha kuzishuku sentensi zisizo na mtu ndani yake. Alikuwa ameandika, "Picha zilikusanywa." Na nani? Kutoka kwa nani? Alijua zitatumika wapi? Sentensi ya namna hiyo ni kama nyumba yenye mlango uliorudishiwa tu. Sukuma uone kuna nani. Tulipousukuma tukakuta picha nyingi zilinunuliwa nje ya nchi, na wale "waliolala" wengi walikuwa watu waliolipwa wajifanye wamelala. Tukaandika hivyo hivyo. Yeye naye alinifundisha mengi. Kabla yake nilidhani data ni kitu cha kununua bando.

Tukiwa katikati ya kuandika, mgodi mmoja wa ukanda ule ukakubali kuijaribu modeli kwenye malori yake. Na haikupita muda, msimamizi wa zamu, Bwana Petro, akatupigia simu kwa furaha.

"Njooni! Mashine yenu imemkamata mtu."

Tukaenda, mimi na Neema. Petro alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, ila alikuwa amewahi kuzika dereva, na tangu hapo hakuwa na mzaha na usingizi. Akatuonyesha kipande cha video. Mwanamke mwenye kofia ngumu, kichwa kimeangukia nyuma, macho yamefumba, mdomo wazi.

"Kabula huyu. Mama Limi. Taarifa zake zimefuatana kama siafu. Nimeshamtoa kwenye lori. Nataka mnisainie tu kwamba kifaa hakikosei, nipeleke mbele. Mtu analala mpaka anakoroma!"

"Video haina sauti," Neema akasema. "Umejuaje kwamba anakoroma?"

Petro akamtazama. Mimi nikaomba jambo moja: kabla ya kusaini chochote, tumwone mwenye uso. Kadi yetu haikuwa imekamilika, na ukurasa wa makosa ulikuwa bado na nafasi kubwa nyeupe.

Kabula akaitwa. Aliingia ameikumbatia kofia yake, akasema, "Shikamooni," kwa sauti ndogo. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Chato, anasomesha binti na kujenga nyumba kwao, na kazi ya lori aliipigania mbele ya wanaume waliosema hataweza. Yote hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu mtu anayeogopa. Petro akamgeuzia skrini.

"Huyu ni nani?"

"Mimi, bosi."

"Unafanya nini hapo?"

Kabula akasogea, akatazama. Akatazama tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikawa natafuta leso mfukoni.

"Bosi," akasema, akijikaza, "hiyo ni siku ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa mama mkwe wangu. Jumapili iliyotangulia alitufuata kanisani, na hapo nilikuwa nakumbuka. Kwenye sadaka watu wakaweka na mahindi, basi mbuzi akapanga foleni kama muumini, akafika mbele, akaingiza kichwa kwenye kikapu. Mama mkwe akasimama akamwita kwa jina. Bosi, mbuzi ana jina la baba mkwe wangu! Kanisa zima..." Hakumaliza. Kichwa kikaenda nyuma, macho yakafumba, mdomo ukafunguka, sura ile ile ya kwenye skrini, ila safari hii na sauti, na sauti yenyewe ingeweza kusikika hadi kwenye shimo la mgodi.

Sasa Neema alikuwa ameiacha kompyuta yake wazi mezani, modeli inafanya kazi, kamera imemwelekea Kabula. Ikasema kwa upole: "Dereva, amka. Simama mahali salama."

Kabula akairukia kwa kidole. "Mnamsikia? Ni huyu huyu! Nikicheka, ananiambia niamke. Na sauti yake, jamani, ni ya mama mkwe wangu kabisa! Basi nikimsikia nazidi kucheka, naye anazidi kuniamsha!"

"Dereva, amka," ikasema kompyuta.

Neema aliinama chini ya meza kama anayetafuta kalamu. Mimi, niliyeyatunga maneno yale ya kuamsha kwa mkono wangu, nilitokwa na machozi. Petro alikuwa amejifunika uso kwa faili, lakini tumbo lake lilimsaliti.

Alipotulia, aliuliza swali la maana, nami nilimheshimu kwa hilo. "Sawa, unacheka. Lakini lori linatembea na macho yamefumba. Si hatari ile ile?"

"Lilikuwa limesimama, bosi. Nasubiri mtambo wa kijiko unipakie mawe. Likitembea sichezi."

Neema akafungua kumbukumbu za lori lenyewe. Kweli, mwendo ulikuwa sifuri kila mara. Kamera yetu ilikuwa inatazama uso tu. Haikujua kama lori linakwenda au limesimama. Kabula akarudishwa kwenye lori lake mchana ule ule. Alipotoka alinipa mkono akipiga magoti kidogo, akasema, "Wabeja, baba," yaani asante, nami kwa Kisukuma changu cha dukani nikamjibu, "Wabeja, mayu," asante, mama.

Mngedhani mambo yameisha. Ndiyo kwanza yalianza. Tulipozunguka kwenye malori tukakuta kamera kadhaa zimebandikwa jojo iliyotafunwa. Madereva walikuwa wamesikia ya Kabula, na kila mmoja alijiuliza uso wake utasingiziwa nini. Na Petro, pamoja na kicheko chake, aliniambia wazi: "Huyo mmoja amepona. Wengine kengele ikilia, nitawaandikia barua ya onyo."

Kumbe kamera iliyowekwa iwalinde ilikuwa imeshakuwa mpelelezi, na mpelelezi hafai kitu akishazibwa macho.

Neema akasema tufanye jaribio la kweli, na madereva wenyewe. Tulilifanya kwenye bwalo lao la chakula, baada ya zamu ya asubuhi. Nilisimama mbele nikaeleza: picha zitakazopigwa ni za kuipima modeli tu, anayetaka aje, asiyetaka asije, na anayebadili mawazo baadaye atatuambia tuzifute. Mzee Ally, dereva mkongwe kuliko wote, akasema, "Mimi sitaki." Hakutoa sababu, wala hatukumwomba. Nikamwona anatazama kama jina lake litaandikwa mahali. Halikuandikwa. Akakaa hapo hapo akanywa chai yake na kutazama wenzake, na nadhani hilo liliwashawishi wengine kuliko maneno yangu yote.

Jamani, siku hiyo! Watu wazima wanajifanya wamelala. Mmoja alijifanya mpaka akalala kweli. Tuliwaomba wacheke, wapige chafya, waimbe, watafune muwa, wavae miwani ya jua, wajifunge vitambaa vya vumbi. Kina mama wenye hijabu wakakaa mbele ya kamera, na vijana wenye kofia za sufu. Kabula akapewa kazi ya kuchekesha watu, na alihitaji kutaja mbuzi tu. Kila mara ile sauti ikisema "Dereva, amka," bwalo zima liliitikia, "Tuko macho!"

Neema alikuwa anaandika matokeo huku anacheka na huku uso unamshuka. Modeli iliwakamata vizuri waliofumba macho taratibu. Lakini wenye kucheka kwa kichwa nyuma iliwasingizia karibu wote, na wenye miwani ya giza iliwaacha walale salama mpaka siku ya kiama.

Tukaandika, ukurasa wa kwanza kabisa, si mwishoni kwa herufi ndogo kama sisimizi: Modeli hii haitofautishi mtu anayecheka na mtu anayesinzia. Haimwoni anayesinzia akiwa amevaa miwani ya giza. Chini yake: Kazi yake ni kumwamsha dereva apumzike. Isitumike kumwadhibu, kumkata mshahara wala kumfukuza kazi.

Lameck alipousoma akakuna kichwa. "Mzee wangu, hii ni kadi ya modeli au hati ya mashtaka? Tuseme hivi: 'Katika mazingira machache, utendaji unaweza kutofautiana.'"

"Hiyo ni sentensi nzuri. Mwite dereva yeyote umsomee. Akikuambia ina maana gani, tutaitumia."

"Tutaukosa mkataba."

"Labda."

"Na mishahara ya hawa vijana?"

Hapo alinigusa, maana halikuwa swali la hila. Walikuwa watu wachache wenye kodi za nyumba na wazazi vijijini. Nilimwambia tu nilichokiona: kwamba zile jojo kwenye kamera ni wateja wake wa kweli wanaokataa bidhaa, na kwamba hatapata mkataba wa pili kwa kamera zilizozibwa. Neema akaongeza kwamba kosa la lori lililosimama anaweza kulirekebisha mara moja, la kicheko atahitaji muda, na mpaka hapo hataweka jina lake kwenye sentensi ile ya Lameck. Lameck akazunguka chumba. Akatazama dirishani, pikipiki zinatengenezwa chini. Kisha akasema, "Haya. Lakini mtaisoma nyinyi, mimi nitakaa nyuma."

Siku ya kikao alikaa nyuma kweli. Mkuu wa usalama wa mgodi, mama mmoja mwenye miwani ya kusomea, aliusoma ukurasa wa kwanza taratibu, akaurudia.

"Mnataka ninunue kitu ambacho nyinyi wenyewe mnasema kinakosea?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Kabla sijafungua mdomo, Petro akanitangulia. "Mama, vyote tunavyonunua vinakosea. Hawa ndio wametuambia mapema."

Yule mama akavua miwani. "Na hili la kutoadhibu?"

"Nalikubali," Petro akasema, ingawa ilimtoka kama jino. "Nikiwapiga kwa hii kamera wataiziba. Nimeshazibandua jojo mwenyewe. Nimechoka."

Wakasaini, kwa sharti moja ambalo hatukulitegemea: ukurasa ule wa kwanza usomwe mbele ya zamu zote. Niliusoma kwa Kiswahili. Kabula akaurudia kwa Kisukuma, na akaongeza vikorombwezo vyake, maana sijui kwa nini ukurasa wangu ulioandikwa kwa uzito wote ule uliwafanya watu washike mbavu. Alipofika kwenye "isitumike kumwadhibu," kicheko kikakatika. Dereva mmoja akanyoosha mkono, akataka isomwe tena hapo. Ikasomwa tena. Akamgeukia Petro. "Bosi, ni kweli?" Petro akajibu, "Si imeandikwa? Na mimi nimesaini."

Jojo zilianza kubanduka zenyewe. Mzee Ally aliibandua ya kwake akaniletea mkononi, bado laini, na sikujua niseme asante au nitafute maji ya kunawa.

Lakini lililobaki moyoni mwangu ni hili. Wiki fulani baadaye nilikuwa na Neema katika chumba cha mawasiliano cha mgodi, mchana baada ya chakula, ile saa ambayo ugali humdai mtu haki yake. Alikuwa anapima modeli mpya, ile iliyojifunza vicheko vya bwalo kwa ruhusa mpya tuliyowaomba wenyewe. Petro alikuwa kwenye redio. Tukasikia sauti ya kijana mmoja dereva, Dotto, mtu ambaye hata siku moja hajawahi kukubali kwamba amechoka.

"Kituo, mimi Dotto. Kamera imeniamsha. Ni kweli nilikuwa nimesinzia. Niko karibu na ukingo wa kumwagia mawe. Nimesimamisha lori. Naomba nisiendeshe tena kwa sasa."

Katika miaka yangu yote ya migodini sikuwahi kumsikia dereva akijitaja mwenyewe redioni, kila mtu akimsikia. Nilimtazama Petro. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe, hakijabonyeza. Nadhani alikuwa anamfikiria yule aliyemzika. Kisha akabonyeza.

"Nimekusikia, Dotto. Umefanya vizuri sana. Kaa hapo hapo, namtuma mwenzako alichukue lori. Wewe njoo unywe chai."

Na redio ikafunguka kama mto wa masika: Dotto hongera, Dotto pumzika, Dotto niachie na mimi chai. Katikati yao nikaitambua sauti ya Kabula. Neema aliinuka kwenye kiti akacheza, palepale, mikono juu, kompyuta zote zinamtazama. Akanivuta. Nikamwambia goti langu haliruhusu. "Litaruhusu," akasema. Tukacheza, na Petro akatupigia makofi kwa kiganja kimoja mezani kwa sababu mkono mwingine ulikuwa unafuta macho.

Kwa hiyo wanangu, mkipewa siku moja kazi ya kuiandikia mashine maelezo, msiipokee kwa kununa. Andikeni kwa namna ambayo mtu aliyekaa peke yake juu ya lori, kwenye ukingo, mchana wa jua kali, ataiamini kiasi cha kusema ukweli.